Nembo ya Mti na Kisu cha Gilotini

Miaka ya 1980 mpiga chapa wa Dar es Salaam hakuwa na habari ya kuchagua karatasi. Ikipatikana, mashine inazunguka. Isipopatikana, mashine inafunikwa turubai na mafundi wanahamia kwenye bao. Nilianza kazi mwishoni mwa muongo huo, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kikiwa bado kichanga. Kilitumia mipaini ya shamba la Serikali la Sao Hill, na karatasi yake tuliijua hata kwa kugusa: inakwaruza kidogo, rangi yake ya maziwa mgando. Wateja waliinung'unikia. Hakuna aliyeiita rafiki wa mazingira, maana maneno hayo yalikuwa hayajafika mtaani kwetu.

Nikiifikiria sasa, karatasi ile ilitoka kwenye mti uliopandwa, ikatengenezwa humu humu nchini, haikuvuka bahari. Sisemi kwamba kiwanda kilikuwa safi. Kupika vipande vya mti kwa kemikali si kazi safi popote duniani. Ila uhaba ulitutia adabu. Shiti za majaribio, zile za kusawazisha wino kabla kazi haijaanza, zilipita mashineni tena na tena mpaka maandishi yakapandana yasisomeke. Vipande vilivyobaki kwenye gilotini, mashine ya kukatia karatasi, fundi mkuu wetu alivipanga rafuni kwa ukubwa: hivi vya kadi, hivi vya risiti, hivi vya tiketi za dansi. Ukitupa kipande cha upana wa kiganja, alikuita: "Kijana, njoo uokote mshahara wako."

Miaka ya 1990 biashara ikafunguliwa, Mgololo ikasimama, na makontena yakaanza kushusha karatasi za Afrika Kusini, Indonesia, India na Ulaya. Tukapata cha kuchagua, na tulichochagua ni weupe. Mteja anaingia, anaweka sampuli mezani: "Nataka nyeupe pee, gramu 150, na laminesheni juu." Uzito ukawa heshima. Hata ratiba ya semina ya siku mbili ilichapwa kwenye karatasi ya kung'aa ambayo ingetosha kuwa jalada la atlasi.

Weupe ule una gharama yake. Rojo la mti likitoka kupikwa huwa la kahawia. Kwa miaka mingi viwanda vililing'arisha kwa gesi ya klorini, hadi miaka ya 1980 ilipobainika kwamba njia hiyo huacha dioksini kwenye majitaka, sumu inayojikusanya ndani ya samaki na kumfikia mlaji. Viwanda vingi vikahamia klorini dioksaidi. Vingine vikaachana na klorini kabisa, vikatumia oksijeni na peroksaidi. Habari hiyo huandikwa kwenye karatasi inayofungia rimu, herufi tatu tu, ECF au TCF. Kaunta yetu haikuwahi kuulizwa herufi hizo. Swali lilikuwa gramu, kisha bei.

Maswali yalikuja na mashirika yenye wafadhili. Baraza la FSC, linaloweka viwango vya kuthibitisha misitu inayovunwa kwa utaratibu, liliundwa mwaka 1993, lakini nembo yake ya mti wenye alama ya vema ilichelewa sana kufika mezani kwetu. Ilifika ndani ya faili la ripoti ya mwaka, imeshapangwa kwenye jalada la nyuma, na dada aliyeileta alikuwa na haraka.

"Nembo hii sitaweza kuichapa, dada yangu."

"Mzee, si umesema karatasi yenyewe unayo?"

"Karatasi ninayo. Cheti sina."

Nikamweleza. Cheti hufuata mnyororo mzima: mwenye msitu, kiwanda, msambazaji, hadi mpiga chapa. Asiye na cheti hata mmoja akiingia kati, mnyororo umekatika, na nembo hairuhusiwi hata kama karatasi ni halali tupu. Nilijitolea kumchapia kwenye karatasi ile ile bila nembo. Alikunja faili akaenda kwa mwingine. Baadaye niliiona ripoti: nembo ipo, namba ya leseni inayopaswa kuwa chini yake haipo.

Karatasi iliyorejelezwa nayo ilikuja na wateja hao hao. Naipenda, ingawa zile tulizopata mwanzoni zilimwaga vumbi mpaka ukasimamisha mashine kufuta mpira wa kuchapia. Lakini yetu ilitoka ng'ambo kwa meli, huku mabaki ya karakana yetu yakinunuliwa kwa kilo na kuishia kuwa trei za mayai na karatasi za chooni. Si jambo baya. Nyuzi za karatasi hufupika kila zinaporejelezwa, na trei ya mayai haihitaji nyuzi ndefu.

Mimi nilikuja kuona kwamba kazi kubwa zaidi inafanyika kabla karatasi haijanunuliwa. Chukua kitabu cha A5 chenye kurasa 96, nakala 5,000. Ukishusha karatasi ya ndani kutoka gramu 100 hadi 80, umeokoa kilo 150, sawa na rimu 60 za A4, na msomaji hatambui. Au chukua ile mitindo ya vitabu vya mraba, sentimita 21 kwa 21, ambavyo wasanifu vijana wanavipenda sana. Kwenye shiti ya 61 kwa 86 zinaingia kurasa nane kila upande, na ukanda wa karibu sentimita 18 kwa urefu wote wa shiti unakwenda kwenye gunia. Kurasa nane za A4 zinaijaza shiti hiyo hiyo. Siku hizi namwonyesha msanifu ukanda wenyewe, naukata mbele yake. Wengi hurudi kompyutani.

Laminesheni nayo imepungua, kwa kuwa plastiki ikishagandamana na karatasi mnunuzi wa mabaki haitaki. Vanishi inatosha kwa majalada mengi. Kadi za harusi ndizo zilizonishinda. Kamati inakuja na bibi harusi, anataka dhahabu, utepe, na gramu 300 zinazong'aa. Nilijaribu kumshauri mmoja atumie karatasi ya kawaida. Shangazi yake akaniuliza kama kwangu binti huozwa kwa risiti. Nikapiga dhahabu.