Kuliko, Kupita, na Kilatini cha Seminari

Vivumishi vya Kilatini hujipima vyenyewe. Chukua altus, ambacho shina lake ni alt-. Ukitaka kusema kwamba kitu kimoja kimezidi kingine, wabandika -ior mwishoni, ukapata altior. Ukitaka kukipandisha daraja ya mwisho, wabandika -issimus, kikawa altissimus. Vyenye kuishia na -er hupewa -errimus, kama pulcherrimus; facilis na wenzake watano huchukua -illimus. Vilivyo vya kila siku ndivyo vikaidi: bonus, melior, optimus. Hayo tuliyakariri seminarini kwa sauti moja, kama watoto wa chuoni wakariripo sura, wala sijutii. Tena Kilatini si mgeni Rumonge: Mapadri Weupe walipiga kambi hapa mwaka 1879, na watatu katika msafara wao wakauawa tarehe 4 Mei 1881.

Kivumishi cha Kiswahili hakifanyi hivyo. Kirefu ni kirefu tu, na kipimo hubebwa na neno jingine. Wako walimu wanaoona huo ni upungufu. Mimi sikubaliani nao.

Litazame neno kuliko. Ndani yake mna ku-, -li- na -ko, yaani mahali palipo na kitu. Nikisema "Tanganyika ni refu kuliko Nyasa", asili ya maneno yangu ni kwamba Tanganyika ni refu pale ilipo Nyasa: yaweke maziwa mawili pamoja, urefu utaonekana wenyewe. Kilatini nacho, kinapoliacha neno quam, husema altior fratre, na fratre imo katika hali ile inayoonyesha atokako mtu. Kimo chapimwa kuanzia alipo ndugu. Lugha hizi mbili, zisizo na undugu wowote, zimepima sifa kwa mahali.

Iko njia ya pili, nayo ni ya kitenzi. Kirundi husema kuruta. Katika mwambao wetu, na ng'ambo huko Uvira na Kalemie, watu husema kupita. Leon Stassen, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu ulinganishi katika lugha za dunia, alizitaja njia zote mbili, ya mahali na ya kuzidi, miongoni mwa zile kubwa. Sasa mwanafunzi wa hapa akiandika "Ziwa letu ni refu kupita mengine", yuko msahihishaji atakayelikata neno kupita kwa wino mwekundu na kumnyima alama. Kwa sheria gani? Kupita na kushinda vimo katika Kiswahili cha pwani tangu zamani. Kinachokatwa hapo si kosa, ni lafudhi ya mtoto wa ziwani, naye hujifunza kunyamaza.

Hatari ya kweli iko kwingine. Altissimus ina maana mbili: "-refu sana" na "-refu kuliko vyote". Juu ya hayo, altus huenda juu kama mlima na huenda chini kama maji. Basi lacus altissimus ni nini? Kina cha Tanganyika ni kama mita 1,470, na Baikal yapita mita 1,600. Ukifasiri "ziwa lenye kina kirefu mno" umesema kweli. Ukifasiri "lenye kina kuliko yote" umesema uongo, na Kilatini hakikukuonya. Kiswahili chakulazimisha uchague. Kwa urefu mambo ni mengine: kilomita zipatazo 670, hakuna ziwa la maji baridi duniani lililo refu kama hili, na hapo "kuliko yote" yastahili. Nawashauri wenzangu wafundishe ulinganishi kwa ziwa hili, waachane na nyumba na miti ya vitabuni.

Wanafunzi wangu wengi ni Waislamu, nao hulisikia neno akbar kila siku. Kiarabu kina umbo lake la kuzidisha, nasi tumelipokea bila kulitambua: afadhali, aghalabu, akali, yote yalikuja na kipimo tumboni. Hata hivyo hatukuridhika nacho. Binti mmoja, nilipoomba mfano wa afadhali, alijibu: "Afadhali mukeke mmoja kuliko ndagala kapu zima." Kipimo cha Kiarabu kimekuja kimekamilika, naye bado akakiongezea kuliko yetu, na nusu ya darasa wakaanza kubishana juu ya ndagala.