Barua kutoka Rotterdam: Ada ya Mpwa Wangu

Dada, mwambie shemeji dagaa wake wamefika salama, na jengo zima limejua.

Umeniuliza mtoto aanze wapi darasa la kwanza: shule ya serikali hapo jirani Mbagala, au ile ya Kiislamu ng'ambo ya barabara, ambayo ada yake inaishinda kodi ya nyumba yako.

Hapa jirani yangu Mmoroko kamwandikisha bintiye shule ya Kiislamu. Mtaa wa pili ipo ya Kikatoliki, mbele yake ya serikali. Kwa zote tatu hakuna anachopata konda asichopata tingo: serikali huzilipa kwa kipimo kimoja, kwa hesabu ya wanafunzi. Waholanzi waligombania jambo hili miaka mingi, mpaka katiba ilipowapatanisha mwaka 1917. Mzazi huombwa mchango wa hiari. Asipotoa, mtoto habaki nyuma wenzake wakienda matembezi. Ila mlipaji naye hasinzii. Mkaguzi huingia kote, na shule iliyozembea hesabu haiponi kwa dua.

Kwetu tulipita njia nyingine. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na watoto wa Kiislamu wakaachwa nyuma. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikazitwaa zile zilizokuwa zikipewa ruzuku. Hata Pugu, alikofundisha Nyerere kabla ya kuacha chaki kwa ajili ya siasa, ilitwaliwa na serikali yake mwenyewe. Leo madhehebu yamerudi kufungua shule, lakini kwa ada. Mwaka 2016 elimu bila ada ilifika kidato cha nne, na tangu 2022 inafika cha sita, ila fedha ya serikali haivuki barabara kumfuata mtoto wako.

Ukimpeleka ya serikali, hatapotea. Sisi tulisoma huko, alasiri tukakimbilia chuoni, juzuu ndani ya mfuko wa Rambo, na Alhamisi sarafu ya mwalimu kiganjani.

Ukichagua ile ya ng'ambo, nusu ya ada niachie mimi. Kila mwisho wa mwezi nakatwa kodi hapa, na humo imo shule ya binti wa Mmoroko. Sioni uchungu. Ila ya mpwa wangu lazima itoke mfukoni.

Mdogo wako.