Kufunga Mizigo ya Ng'ambo

Kiswahili husema kwamba mtu amefunga safari, kana kwamba safari yenyewe ni furushi liwezalo kukazwa kamba. Msemo huu ni wa kale, na mabaharia wa majahazi waliijua maana yake barabara. Aliyekwenda Arabuni kwa upepo wa kusi hakuwa na nafasi chomboni ila ya kasha lake, na ndani yake hapana budi aliweka kila alichokihitaji mpaka kaskazi imrudishe pwani. Alichokisahau alikikosa. Msafiri wa leo hukaa angani kwa saa chache tu, walakini hali yake haikubadilika sana. Mahali pa kasha pameshikwa na sanduku, na mashirika mengi ya ndege hutaka sanduku hilo lisizidi kilo 23.

Watu wa nchi hizi hawakuanza jana kwenda penye baridi. Salim bin Abakari, Mngazija, alifika Urusi na Siberia katika mwaka 1896, na habari za safari yake zilipigwa chapa katika kitabu cha Carl Velten mwaka 1901. Katika mwaka 1959 wanafunzi 81 wa Kenya walipanda ndege moja kwenda kusoma Marekani. Baada yao wamekwenda wengi wasiohesabika. Hata hivyo elimu ya kufunga mizigo haina shule. Kila aendaye huianza upya, na aghalabu huianzia mahali pasipostahili, yaani kwenye nguo.

Nguo zina soko kila mji. Karatasi hazina. Mwanafunzi aliyesahau koti atatetemeka siku mbili kisha atanunua jingine; lakini aliyesahau cheti chake cha asili yamkini akapoteza nafasi aliyoipigania miaka mitatu. Kwa hiyo pasipoti, vyeti, barua ya chuo na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni mzigo wa kwanza, na mahali pake ni mkoba wa mkononi, si sanduku litakalopakiwa tumboni mwa ndege. Kadi hiyo ya manjano, tangu Julai 2016, hudumu maisha ya mtu, ila chanjo ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuingia nchi inayoitaka. Pasipoti nayo huzaa fadhaa isiyotazamiwa. Nchi nyingi huitaka iwe na miezi sita ya uhai mbele yake, na mwenye pasipoti ya miezi minne hurudishwa uwanjani hali hajafanya kosa lolote.

Jina la mtu ni jambo jingine la kuangaliwa mapema. Shuleni liliandikwa Mohamed, katika pasipoti Mohammed, na katika cheti cha kuzaliwa Muhammad. Kwa watu wa pwani huyo ni mtu mmoja bila shaka. Kwa karani wa ng'ambo ni watu watatu. Tofauti ya herufi moja husahihishwa kwa urahisi zaidi nyumbani, kwa kiapo cha wakili, kuliko katika mji usiojua babu wa mtu ni nani.

Baada ya karatasi huja dawa. Mgonjwa wa kisukari asiitie insulini katika sanduku kubwa, maana huko chini ya ndege yaweza kuganda na kuharibika. Dawa zote zikae katika paketi zake zenyewe pamoja na barua ya daktari. Wako watu waonao kwamba kidonge cha maumivu ni kidonge tu, lakini katika Falme za Kiarabu dawa yenye kodeini huhitaji ruhusa, na wapo waliopatwa na mashaka makubwa kwa kutojua hilo.

Katika yote haya msafiri hupambana na sheria na mizani tu. Shida iliyo nzito zaidi ni kupambana na mapenzi ya watu. Binti mmoja wa Tanga alipata nafasi ya kusoma Ujerumani, ambako muhula huanza Oktoba, baridi inapobisha hodi. Siku tatu kabla ya kuondoka bibi yake alikuja kutoka shamba na kikapu kizito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuletea machungwa ya Muheza na samli ya ng'ombe wetu. Huko uendako watakulisha nini?"

Jibu la kweli lilikuwa gumu kutamkwa. Sheria za Umoja wa Ulaya humkataza msafiri atokaye nchi zetu kuingiza nyama na maziwa na vitokanavyo navyo, samli ikiwamo. Tena, tangu tarehe 14 Desemba 2019, matunda mabichi hutakiwa yawe na hati ya afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Msomaji wa pwani hana budi kutabasamu aonapo orodha hii, maana yaelekea kama iliandikwa na mtu wa Unguja. Binti alikaa chini akamweleza bibi yake neno kwa neno, bila kuficha. Angaliweza kuipokea samli na kuiacha kwa shangazi kwa siri, kama wafanyavyo wengi kwa adabu. Lakini hiyo ni adabu inayomwacha mzee akiota kwamba mjukuu wake anakula samli yake penye theluji. Bibi alisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza, "Nazi wanaikubali?"

"Wanaikubali, bibi."

"Basi ng'ombe atabaki kwangu."

Wengine huja na vifurushi visivyo vyao. Jirani ana mwana huko, na mwana huyo anangoja bahasha ndogo iliyoshonwa vizuri. Hapa ustahivu wa Mswahili unaweza kumwangamiza. Kukataa kifurushi cha mkubwa ni haya, na kukifungua mbele yake ni haya kubwa zaidi. Walakini uwanjani huulizwa kama mtu amefunga mzigo wake mwenyewe, na lililomo ndani ya sanduku lake ni lake mbele ya hakimu. China na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zenye hukumu ya kifo kwa kuingiza madawa ya kulevya. Jirani mwema hatachukizwa akiombwa afungue bahasha, akunje upya kitenge kilichomo, na kuifunga tena mbele ya mchukuzi. Atakayechukizwa na aende nayo mwenyewe.

Vitu vya umeme vyataka maneno machache. Soketi za Tanzania, Kenya na Uganda ni sawa na za Uingereza, zenye matundu matatu ya mraba. Ujerumani na Ufaransa hutumia pini mbili za mviringo, kama Rwanda na Burundi. Adapta ya bei ndogo hutosha. Marekani si pini tu inayotofautiana, bali nguvu yenyewe, maana umeme wao ni volti 120 na wetu ni 230 au zaidi; pasi ya Kariakoo ikichomekwa huko haitapata moto wa kunyosha hata leso. Chaja ya simu aghalabu huchukua yote mawili. Betri ya akiba ya simu huwekwa katika mkoba wa mkononi, kwa hofu ya moto.

Koti zito lisinunuliwe kwa pupa. Makoti ya mitumba yaliyotundikwa Gikomba na Karume yametoka huko huko aendako msafiri, na yaliyobaki kwao huenda yakafaa zaidi kwa baridi yao. Afadhali nafasi hiyo ipewe doti moja ya khanga. Khanga hukaushia mwili, hujifunikia usiku, huswalia, huzuia jua dirishani, na ikikunjwa hukaa pembeni mwa sanduku bila kudai mahali. Hakuna duka la ng'ambo liuzalo kitu kimoja chenye kazi hizo zote.

Usiku wa mwisho sanduku la binti wa Tanga lilipelekwa kwenye mizani ya duka la nafaka, nalo likaonekana kuwa na kilo 25. Mjomba wake alishauri nazi zitolewe. Binti alitoa jozi mbili za viatu na kamusi nene, akaiweka kamusi katika mkoba wa mkononi, viatu akampa mdogo wake. Nazi tatu zilizofuliwa zilibaki chini, zimeviringishwa katika khanga.