Utando wa kijani wa Madibira na majaruba 45 ya dunia

“Kamwene!” Shangazi alinisalimu akiwa katikati ya jaruba, maji yamemfika karibu na magoti, mkononi ana fungu la miche ya mpunga. Nilikuwa nimefika Madibira kufuatilia habari ya kichocho, ugonjwa unaowapata watu wanaosimama majini, maana vimelea vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi. Nilirudi na habari hiyo, na nyingine ambayo sikuitafuta.

Safari yangu ilianzia Iringa mjini. Ukitoka huko kuelekea Mafinga, yapata kilomita 20, kuna kibao cha Isimila. Nilishuka nikaona bonde kavu la mchanga, nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, na mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale kuwa mashoka ya mkono. Mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini ndiye aliyeyagundua mwaka 1951. Uchimbaji mkubwa ulifanyika mwaka 1957 na 1958, ukiongozwa na Clark Howell. Upimaji wa mifupa iliyopatikana hapo ulionyesha umri wa miaka ipatayo 260,000.

Kati ya mifupa hiyo imo ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa. Kiboko kwenye mchanga mkavu? Ndiyo, kwa sababu Isimila ilikuwa na ziwa la kina kifupi. Maji yaliondoka, mifupa ikabaki.

Mafinga nilipanda kosta. Tukapita Sadani, tukaacha baridi na misitu ya Mufindi nyuma yetu, tukateremka hadi bonde la Usangu. Joto likapanda, na mbele yangu nikaona skimu ya Madibira, hekta zipatazo 3,000 za mpunga zinazonyweshwa na Mto Ndembera.

Kesho yake mjukuu wa Shangazi, yuko darasa la nne, alinionyesha utando wa kijani ulioelea pembeni mwa jaruba. “Mamdogo, huu ni uchafu?”

Nilimjibu kwanza kama mwandishi wa afya. Maji yenye utando kama huo hayanywewi. Baadhi ya bakteria wanaoutengeneza hutoa sumu inayodhuru ini, na kuyachemsha maji hakuiondoi sumu hiyo. Lakini si uchafu. Wapo kati yao wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mpunga, mbolea ambayo Shangazi hailipii.

Kisha nikamwambia kwamba alama za kale kabisa za uhai duniani ziliachwa na viumbe walioishi kwa namna hiyo hiyo. Bakteria hufanya utando majini, mchanga na tope hunasa juu yake, utando mpya huota juu ya ule wa zamani, na baada ya muda mrefu tabaka hizo huwa jiwe. Mawe hayo huitwa stromatoliti. Ya Pilbara, Australia, yana umri wa karibu miaka bilioni 3.5.

“Bilioni ni ngapi?” akauliza. Hapo ndipo tulipopanda juu ya tuta tukaanza kuhesabu majaruba.

Dunia ina miaka ipatayo bilioni 4.5. Tukasema kila jaruba ni miaka milioni 100, basi historia yote ni majaruba 45. Jaruba la kwanza ni moto na mawe yaliyoyeyuka. La pili, chembe za madini kutoka Australia zinaonyesha maji yalikwisha kuwapo. La 11 ndilo lenye mawe ya Pilbara. Wapo waliodai mwaka 2016 kuona alama za uhai Greenland, ambazo zingetuweka kwenye jaruba la nane, lakini wenzao walizipinga mwaka 2018 wakisema ni mawe yaliyokunjwa na nguvu za ardhi. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bristol walilinganisha vinasaba vya viumbe wa leo, wakakadiria kwamba babu yetu sote aliishi miaka bilioni 4.2 iliyopita, yaani jaruba la tatu.

Oksijeni ilianza kujaa hewani kwenye jaruba la 22, kazi ya jamaa wa utando ule ule. Wanyama wakubwa wa kuonekana kwa macho ni jaruba la 40. Na mashoka ya Isimila? Kama jaruba lina urefu wa mita 20, ni sentimita tano za mwisho. Mtoto akapima kwa vidole vyake, akacheka.

Shangazi alikuwa akisikiliza. “Kwa hiyo uhai ulikuwa na haraka.”

“Ulikuwa na haraka ya kuanza, Shangazi. Kukua ulichelewa sana.”

“Ulianza haraka kwa sababu maji yalikuwepo,” akasema.

Anayajua maji. Shamba lake liko mwishoni mwa mfereji. Msimu uliopita zamu yake ilichelewa, mpunga ukanyauka, na ada ya shule ikapatikana kwa mkopo. Anajua pia lawama zinazowaangukia wakulima na wafugaji wa Usangu. Tangu mwaka 1993, Ruaha Mkuu, unaopokea maji ya bonde hili kupitia Ihefu, umekuwa ukiacha kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope. Nilipozisikia habari hizo nilikumbuka yule wa Isimila.

Sina jibu la nani apunguze maji kwanza, mama anayelisha wajukuu au mwingine. Ninachokijua ni kwamba uhai haukuchelewa kuja maji yalipokuja, na hausubiri sana yakiondoka.

Jioni jaruba lilipojaa, Shangazi alichukua jembe akaziba njia ya maji kwa udongo, ingawa zamu yake ilikuwa haijaisha.

“Wako wenye kiu huko chini,” alisema. Kisha akamgeukia mjukuu wake: “Na wewe, kesho uvae mabuti.”