Moduli ipi ya Bluetooth?

Mpwa wangu anataka kuwasha taa kwa simu kupitia Arduino Uno, na pesa zake zinatosha moduli moja tu. Nikamwuliza kwanza: simu yako ni ipi? HC-05 na HC-06 hutumia Bluetooth ya zamani. Android huelewana nazo, lakini programu za kawaida za iPhone hazizifikii. Mwenye iPhone atafute HM-10, inayotumia BLE.

Yeye ana Android, basi achukue HC-05. HC-06 hungoja kuitwa tu, ilhali HC-05 inaweza hata kuita moduli nyingine.

Sasa waya, jamani! Pini ya RXD ni ya volti 3.3, na Uno hutoa 5. Rezista ya kilo-omu 1 itoke Uno hadi RXD, na ya kilo-omu 2 itoke hapo hadi GND. Wapo wanaounganisha moja kwa moja na ikakubali. Kwa moduli ya pekee, mimi singethubutu.