Waliotangulia Jukwaani

Waandishi wenzangu, mkitaka kujua uchungu wa kutangulia, wahini onyesho mapema. London, 2005, watu walijaa kuwasikiliza Sigur Rós wa Iceland. Waliotangulia ni Amiina, akina dada wanne wanaotoa muziki hata kwenye msumeno na glasi. Muziki wa polepole, unatanda kama ukungu. Nyuma yangu watu wanapiga soga, eti wanangoja bendi yenyewe.

Bendi ikaingia, Jónsi akisugua gitaa kwa upinde wa selo. Kutazama vizuri, loo! Wale dada wamerudi, wamekaa na ala zao, nyuzi zao zinaubeba wimbo. Ukumbi kimya.

Basi sisi tunaochapishwa kurasa za nyuma tuendelee kuandika. Sauti iliyopuuzwa saa mbili, saa nne iliwaliza watu.