Mimea Ambayo Mbuzi Haigusi

Hapa New Jersey, mtu akitaka kununua maua ya bustani huuliza kwanza kama kulungu huyala. Kulungu wa mkia mweupe wamejaa vitongojini, na wanyama wa kuwawinda ni wachache huku. Usiku wanaingia uani, na kukikucha tulipu zimebaki vikonyo. Sungura wa mwituni nao hulala vichakani, hatua chache kutoka mlangoni.

Ukiinama na kutazama kikonyo utamjua mla. Sungura ana meno ya mbele juu na chini, kwa hiyo hukata mshazari, safi kabisa. Kulungu hana meno ya mbele kwenye taya la juu, ana ufizi mgumu tu. Yeye hurarua, na kikonyo hubaki na nyuzi zinazoning'inia. Aliyewahi kuchunga mbuzi kwetu Uthiru, Nairobi, atalitambua jeraha hilo mara moja, maana mbuzi naye ana kinywa cha namna hiyo.

Chuo Kikuu cha Rutgers cha hapa New Jersey kimepanga mimea ya bustani katika makundi manne, kuanzia ile ambayo kulungu huigusa kwa nadra hadi ile anayoimaliza. Dafodili ina sumu, hasa kwenye kitunguu chake. Lavenda na rosemari huchukiza kwa harufu. Mimea mingine ina majani yenye manyoya yasiyolika vizuri. Tulipu na hosta ni chakula kitamu. Hata hivyo, theluji ikitanda na njaa ikabana, kulungu hula hata alichokidharau kiangazi chote. Ndiyo maana wenye bustani kubwa huishia kujenga ua wa waya wa futi 8.

Uthiru tulipanga mambo kinyume. Sungura alikaa kizimbani, watoto wakimkatia majani baada ya shule, na siku hizi hata mkojo wake hukingwa ukawa mbolea ya kunyunyizia mboga. Mbuzi alifungwa kamba. Wale wasiofungwa, pamoja na ng'ombe wa Wamaasai wanaofika Nairobi kutafuta malisho wakati wa ukame, walizuiwa na ua wa kaiyaba. Ua wa kaiyaba uliotunzwa haupitiki: miiba yake mirefu imeingiliana kuanzia chini, na katikati yake matunda ya manjano, machachu, ambayo mtoto huyachuma kwa uangalifu mkubwa. Palipokosa kaiyaba palipandwa mnyaa, ambao utomvu wake mweupe humfukuza mnyama. Nyuma ya ua huo mama alipanda sukuma wiki na maua aliyoyapenda, bila kuuliza nani atayala.

Sasa viwanja vinagawanywa, fleti zinapanda, na kaiyaba inang'olewa kupisha ukuta wa mawe. Ukuta unamzuia mbuzi, sikatai. Lakini vipando vya nje ya geti na kando ya barabara havina ukuta, na ujuzi wa mimea ambayo mbuzi hukataa unang'olewa pamoja na ua. Wazee wanao, wauza miche wa kando ya barabara wanao, ila sijauona ukiwa umeandikwa kama ule wa Rutgers. Nao unahitaji kuandikwa kwa makini, kwa sababu kinachoukinga mmea dhidi ya mbuzi kinaweza kumdhuru mtoto: utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya, na mmea wa maua wa oleanda ni sumu kwa mtu kama ilivyo kwa mnyama.

Uthiru imepakana na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo Upper Kabete. Wataalamu wa kuhakiki orodha kama hiyo hawakosekani. Nanyi mlio nyumbani, Uthiru, Kinoo na Wangige, muulizeni mzee mmoja wiki hii ni mimea gani mbuzi wake hawakuigusa kamwe, kisha myaandike majina jinsi anavyoyataja, kwa Kikikuyu au Kiswahili.